Kompyuta ya Kampuni, Siri za Wagonjwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika hospitalini kabla wachumaji chai hawajaingia shambani. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa nimetoka chuo cha wauguzi nikiwa na yunifomu mbili, moja mwilini na nyingine kwenye mfuko. Hospitali hiyo ilikuwa ya kampuni ya chai upande wa Kericho, jengo refu la mawe lililozungukwa na chai pande zote. Ukifungua dirisha la wadi ya wanawake ulisikia wachumaji wakipiga gumzo. Kwetu ni Ndanai, tulilima mahindi na kukama ng'ombe, kwa hiyo hata ile harufu ya kiwanda ilikuwa ngeni kwangu.

Aliyenipokea ni Matroni, mkuu wa wauguzi wote, mama wa Bomet, mrefu, asiyependa maneno mengi. Hakunipeleka kwa wagonjwa moja kwa moja. Kwanza alinisimamisha nisikilize ripoti ya zamu, yaani maelezo ambayo muuguzi anayemaliza kazi humpa yule anayeanza. Kisha akanikabidhi kardeksi, lile jalada gumu lenye kadi ya kila mgonjwa, tulipoandika dawa aliyopewa, alivyolala, alichokula na tulichomfanyia. Akaniambia nisome kadi zote, halafu nimweleze ni mgonjwa gani ananitia wasiwasi.

Nilisoma. Nikamtajia mama mmoja ambaye mkojo wake ulikuwa ukipungua tangu juzi.

"Umemwona?" Matroni akaniuliza.

"Bado, Matroni."

"Basi twende tukamwone. Kusoma ni nusu ya kazi."

Tulimkuta amevimba miguu, naye daktari akaitwa asubuhi hiyohiyo. Nawaeleza haya ninyi mnaoanza kazi leo mkiwa na simu mfukoni, kwa sababu wengi hudhani habari za mgonjwa ni jambo la makarani. Matroni alituambia kila mara kwamba muuguzi wa usiku hatakuwepo mchana, na wa mchana hatakuwepo usiku, ila kile walichoandika kitakuwepo. Aliyeandika "mgonjwa amelala vizuri" bila kumtazama, Matroni alimpeleka kando na kumwonya kwa sauti ya chini.

Nilianza kuelewa uzito wa maneno yake kwa sababu ya majina. Kwetu Wakipsigis, mtoto hupewa jina kulingana na wakati aliozaliwa. Aliyezaliwa kunapopambazuka ni Chepkoech, na aliyezaliwa jua linapotua ni Chelangat, kama mimi. Sasa fikirieni wadi ya wanawake katika nchi hii ya chai. Siku moja nilitoka maabara na chupa ya damu ya kumtundikia mgonjwa. Nikaita Chepkoech. Vitanda viwili vinavyopakana vikaitika. Wote wawili walikuwa na mume aitwaye Rono, na wote wawili walikuwa wamepungukiwa na damu. Nilirudi maabara na ile chupa nikauliza upya, na kweli, yule niliyekuwa karibu kumtundikia siye aliyekusudiwa.

Nilimweleza Matroni. Hakunisifu wala hakunigombeza. Aliniambia nimletee njia ya kuhakikisha jambo hilo halitokei kwa muuguzi mwingine ambaye siku hiyo atakuwa amechoka kuliko mimi. Nilizungumza na wenzangu wa wadi zote, na watu wa maabara, na karani wa mlangoni. Tukakubaliana kwamba kila mgonjwa atakuwa na nambari moja ya maisha kwenye kadi atakayotunza mwenyewe, na kwamba mbali na jina lake tutauliza jina la baba yake na mahali anapolala, iwe ni kijiji au laini, kama tunavyoziita nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya chai. Wengine walilalamika kwamba tunawahoji wagonjwa kama polisi. Baada ya muda wakazoea.

Basi katikati ya miaka hiyo kampuni ikanunua kompyuta. Daktari Mkuu, mganga aliyesimamia hospitali nzima, alituita kwenye ukumbi wa chakula akatutangazia kwamba kumbukumbu za wagonjwa zitaanza kuingizwa kwenye mashine, na kwamba wauguzi watahitaji mtu wa kuwaongoza. Matroni akanitaja mimi. Nilidhani nimesikia vibaya. Sikuwa mkubwa kazini, na kompyuta nilikuwa nimeiona mara moja tu, benki.

"Kuitumia utafundishwa," Matroni aliniambia baadaye. "Kuwasikiliza wauguzi huwa hakufundishwi, na hilo unalijua tayari."

Nilipelekwa Nairobi kwa kozi fupi. Nilijifunza kuwasha na kuzima, kuhifadhi kwenye disketi, na kutunza neno la siri, yaani yale maneno ambayo mtu huandika ili mashine imfungulie. Niliporudi nilimkuta fundi wa programu ameshapanga kurasa zake za skrini. Palikuwa na nafasi ya daktari, ya dawa, ya siku za kulazwa. Nafasi ya muuguzi haikuwepo. Nilimwuliza tutaandika wapi kwamba mgonjwa amegeuzwa, amenyweshwa uji, amelia. Akanijibu kwa upole kwamba hakuna aliyemwambia. Na kweli hakuna aliyemwambia. Tulikaa naye juma zima, yeye na mimi na wasimamizi wa wadi, mpaka kurasa zikafanana na kazi yetu. Namshukuru bwana yule hadi leo, kwa maana alikubali kufuta kazi aliyokuwa ameimaliza.

Ugumu ulikuwa kwa Sista Wanjiru, msimamizi wa wadi ya wazazi. Wazazi wake walitoka Nyeri zamani wakafungua duka mjini Kericho, naye alikuwa akizungumza Kikipsigis vizuri kuliko baadhi yetu. Alikuwa amezalisha nusu ya watoto wa mashamba yale. Nilipomfikishia kompyuta alivua miwani yake akaiweka mfukoni.

"Chelangat, mimi nilisomea kuuguza watu. Sikusomea kupiga taipu."

Sikubishana naye. Nilimwomba ruhusa nifanye zamu zangu kwenye wadi yake kwa muda, nikimsaidia kuzalisha na kuandika. Huko niliona alichokuwa akikiona. Meza ya kompyuta ilikuwa imewekwa ukutani, na kila aliyekaa kuandika aliwapa mgongo akina mama wenye uchungu. Niliwaita maseremala, meza ikageuzwa, muuguzi akawa anaandika huku anatazama vitanda. Stima nayo ilikuwa inapotea mvua ikinyesha, na Kericho mvua hainyeshi kwa msimu, inanyesha tu. Kwa hiyo tuliamua kadi za karatasi zitaendelea, mashine isifanywe mungu. Sista Wanjiru aliyaona hayo yote, na miwani ikarudi machoni.

Kilichomgeuza kabisa ni watoto. Kwa muda mrefu alikuwa anasema kwamba watoto wa akina mama wa sehemu fulani ya shamba wanazaliwa wadogo mno. Watu walimsikia tu kama mtu anavyosikia hali ya hewa. Siku moja akaniuliza kama mashine yangu inaweza kupanga uzito wa watoto kulingana na laini wanakotoka mama zao. Tukaketi pamoja, yeye akisoma kadi na mimi nikiingiza. Karatasi ilipotoka, kila mtu aliona: wadogo wengi walitoka upande mmoja wa shamba. Tulipokwenda huko na Matroni tuliwakuta wajawazito wakipanda mlima mrefu na vikapu vya chai mgongoni kufika kwenye banda la kupimia. Daktari Mkuu aliipeleka ile karatasi kwa wakubwa. Banda likajengwa bondeni, na wajawazito wakapangiwa kuchuma karibu nalo.

Tangu hapo Sista Wanjiru hakusema tena "mashine yako." Aliiita yetu. Wauguzi waliokuwa wakisitasita walimfuata yeye, si mimi, nami sikuona ubaya wowote. Kuongoza wauguzi kwenye jambo jipya ni kumtafuta yule wanayemwamini, kisha kumsaidia aelewe.

Mwaka uliofuata, nikiwa nimeshaolewa na kupata mtoto, naye Daktari Mkuu akiwa masomoni ng'ambo, nilitembelewa na Meneja wa Utumishi. Huyu ndiye aliyeandika watu kazi na kuwafuta. Alikuja ofisini kwangu peke yake, akaniuliza hali ya mtoto wangu, akasifu chai niliyomwekea. Kisha akauliza kama kompyuta inaweza kutoa majina ya watu kulingana na magonjwa yao. Nikamwambia inaweza.

"Basi nitolee wa huu ugonjwa wa siku hizi. Wafanyakazi wa kudumu na wa msimu, wote."

Siku zile watu hawakuutaja ukimwi kwa jina. Walisema ugonjwa wa siku hizi, au walionyesha kwa mkono tu jinsi mtu anavyokonda. Nami nilijua kwamba mikataba ya wafanyakazi wa msimu ilikuwa karibu kuandikwa upya. Mtu akionekana kwenye orodha ile angekosa kazi, na akikosa kazi angetoka kwenye nyumba ya laini na watoto wake, na kule atakakokwenda watu wangejua sababu. Zamani jambo hilo lilikuwa gumu kwa sababu kadi zilitawanyika kwenye makabati ya wadi zote. Sasa mimi ndiye niliyezikusanya zote mahali pamoja.

"Bwana, majina siwezi kukupa," nikamwambia. "Naweza kukupa idadi yao, ili kampuni ijue dawa na vitanda vinavyohitajika."

"Idadi haina kazi kwangu. Sista, hii kompyuta ni ya kampuni."

"Kompyuta ni ya kampuni. Ugonjwa ni wa mwenyewe."

Nilisema kwa sauti ya chini. Akasema hata nyumba ninayolala ni ya kampuni, na mume wangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha kampuni, na kwamba watu wanaojua kubonyeza kibodi si haba. Akatoka bila kumaliza chai yake.

Jioni nilimweleza mume wangu. Yeye alikuwa kwenye sehemu ya kunyausha majani, ambapo chai hutandazwa ipoteze maji kabla ya kusagwa. Alinawa mikono, akaketi, akaniuliza swali moja tu: kama kati ya watu hao kuna anayemjua. Nikamwambia siwezi kumjibu. Akatikisa kichwa akasema basi hata huyo Meneja asijibiwe. Hatukulizungumza tena.

Asubuhi nilikwenda kwa Matroni nikamweleza neno kwa neno. Alisikiliza akitazama dirishani. Akauliza ni nani mwenye neno la siri linalofungua kurasa hizo. Nikamwambia ni mimi, na Daktari Mkuu ambaye hayupo. Akaniambia nirudi kazini.

Siku chache baadaye aliniita.

"Sista Chelangat, utahamia zahanati ya Sotik. Kabla hujaondoka, mfundishe Sista Wanjiru kila kitu, pamoja na kumpa neno lake la siri."

Zahanati hiyo ilikuwa ya shamba la mwisho kabisa la kampuni, karibu na njia ya Kisii, chumba cha dawa na chumba cha kungojea.

"Ni adhabu, Matroni?"

"Ni uhamisho."

Niliyemtegemea kuliko wote alikuwa amenitoa njiani ili mkubwa apite. Nilimfundisha Sista Wanjiru, nikafunga mizigo, nikaondoka na mtoto, mume wangu akabaki kiwandani akija Jumapili.

Sotik ilinitendea mema. Wagonjwa walitoka Bomet na wengine walivuka kutoka Kisii, wakakaa benchi moja wakicheka makosa ya Kiswahili ya kila mmoja, yangu yakiwemo. Sikuwa na kompyuta. Nilirudi kwenye kalamu na kadi, na nikaona kwamba kila nilichojifunza kwenye mashine kilifaa hata bila mashine: kumtambua mtu sawasawa, kuandika ulichoona, kujiuliza kwa nini wanaoharisha wote wanachota maji kijito kimoja, na kutia kufuli kwenye kabati. Lakini kila nilipolala niliwaza juu ya majina yale. Sista Wanjiru alikuwa amebakisha miaka michache astaafu, na alikuwa akisomesha watoto. Nilijiuliza atasukumwa kiasi gani kabla hajakubali.

Jumapili moja alikuja mwenyewe na mume wangu, akiwa amebeba mkate na amefunga kilemba kipya kichwani. Hakutaka kuketi kwanza. Alinieleza amesimama.

Meneja alikuwa amemwendea wadini na ombi lilelile. Sista Wanjiru hakumjibu. Alimvalisha joho jeupe la wageni, akamtembeza katikati ya vitanda. Wadi ilikuwa imejaa. Akina mama wakamsalimia bwana mkubwa, mmoja akamwonyesha mtoto.

"Nikamwambia," Sista Wanjiru alisema, "hawa wote waliniambia mambo yao wakijua nitanyamaza. Wewe ukitaka kujua, waulize kitanda kwa kitanda. Mimi nitasimama hapa nikusikilize ukiuliza."

"Akasema nini?"

"Alivua joho. Akasahau kofia yake mezani, mpaka leo iko."

Kisha akaketi, akala, akaniambia mengine. Wasimamizi wa wadi zote walikuwa wamekutana wakakubaliana kwamba hakuna atakayetoa jina la mgonjwa, na akifutwa mmoja, wote watakwenda pamoja kumwona mkurugenzi wa kampuni. Hakuna aliyefutwa. Daktari Mkuu aliporudi alisikia habari yote, akaandika kanuni na kuibandika kila wadi. Ugonjwa wa mtu hautatoka nje ya hospitali bila mwenyewe kukubali. Kila muuguzi atakuwa na neno lake la siri, asimpe hata rafiki. Na mashine yenyewe itaweka alama ya kila aliyefungua ukurasa wa mgonjwa, hata akiwa ni Daktari Mkuu. Hili la mwisho lilikuwa wazo la Sista Wanjiru. Mikataba ya msimu iliandikwa kama ilivyokuwa ikiandikwa siku zote. Meneja alihamishiwa tawi lingine baadaye, na ninasikia huko alifanya kazi vizuri. Simchukii. Nadhani alikuwa ameagizwa, na hakuwa na mtu wa kumwambia hapana kabla yetu.

Nilirudishwa Kericho baada ya hapo, Daktari Mkuu mwenyewe akiniita kwa simu ya kiwanda. Nilifanya kazi ileile miaka mingi, kompyuta zikabadilika, disketi zikatupwa. Wauguzi niliowafundisha wako hospitali nyingi sasa, wengine hapa karibu Soin, wengine mpaka ng'ambo, na wengine wana vyeo ambavyo sisi hatukuwa na majina yake. Wakinipigia simu kuniuliza kiongozi wa kazi hii anapaswa kujua nini, nawaambia ajue wadi kwanza. Ajue mashine kiasi cha kutodanganywa na fundi. Aweze kuketi na daktari, karani na mfagiaji na kila mmoja aondoke akiwa amesikika. Na ajue kwamba siku itafika ambapo mtu mwenye nguvu atamwomba jambo dogo kwa adabu nzuri.

Nilipostaafu walinifanyia karamu, wakanipa blanketi na ndama. Asubuhi yake niliamka mapema kama kawaida, nikakumbuka sina pa kwenda. Nikavaa, nikaenda Bomet kumwona Matroni.

Alikuwa amezeeka, akitembea na fimbo, lakini aliniuliza kwanza kama nimekula. Tuliketi nje tukinywa chai na kuwataja watu wa zamani. Sista Wanjiru alikuwa amefariki, tukamtaja kwa muda mrefu. Ndipo nikamwuliza Matroni swali ambalo sikuwa nimewahi kuthubutu kumwuliza nikiwa kazini, kwa nini alinipeleka Sotik.

"Meneja alitaka ufutwe wewe na mumeo," akasema. "Nikamwomba uhamishwe tu. Nikamwambia nitampa mwingine, mama mzee asiyependa kompyuta. Alifurahi sana. Alidhani asiyeijali mashine hatajali kilichomo."

"Na wewe ulijua Wanjiru atakataa."

"Wanjiru? Mimi nilianza kazi naye. Yule hata mimi sikuweza kumsukuma."

Miaka yote hiyo nilikuwa nikimheshimu huku nimebeba kijiwe moyoni.

"Mbona hukuniambia, Mama? Nililia njia nzima mpaka Sotik."

"Ndiyo. Ulihitaji kulia," akasema. "Uso wako haujui kuficha kitu, Chelangat. Ningekuambia, ungeondoka ukicheka, na Meneja alikuwa amesimama langoni anakutazama."

Nikamwambia kongoi, asante ya kwetu. Akaniambia niache hayo, nimwongezee chai.